Akili haitulii? Kaa kitako, shika karafuu

Assalaam alaykum watazamaji. Leo nipo uani kwetu Wete, Pemba, nikuonyesheni zoezi la kukaa na kutuliza akili kwa kufuata pumzi, na hao kuku mnaowasikia sikuwafungia makusudi. Ukingoja kimya ndiyo uanze, hutaanza.

Kwanza, simu. Izime kabisa, kuitoa sauti hakutoshi. Kaa kitako mkekani, mgongo wima lakini usijikaze. Mwenye magoti mabovu achukue kiti. Kulala hapana, utasinzia.

Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita. Kutoa ndiko kwenye kazi, maana moyo hupunguza mwendo pumzi inapotoka. Ukiona kizunguzungu, unavuta kwa pupa. Baada ya mara tano au sita acha hesabu, pumzi ijiendee.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Dakika haijesha, akili ishafika dukani kwenye deni, ishapita kwenye ada ya skuli, inajibizana na wifi yako kwa maneno ya juzi. Usigombane nayo. Sema moyoni, "nawaza deni," kisha rudi kwenye pumzi. Ikitoka tena, irudishe tena, hata mara mia. Huko kuirudisha ndiyo mazoezi yenyewe. Anayekwambia akili yake huwa tupu, mtilie shaka.

Wapo ambao wakisikiliza pumzi ndiyo kwanza moyo unawaenda mbio. Hao nawapa hii, tazameni karibu: karafuu moja kavu. Ina kichwa cha duara, na meno manne yamekizunguka. Izungushe baina ya vidole, pitisha ukucha jino moja moja. Ikwaruze kidogo, nusa. Akili ikiondoka, irudishe kwenye harufu.

Mnaniuliza sana kama hii ni ibada ya dini nyingine. Kufuata pumzi ni jambo la kale kwa Mabudha, kweli. Lakini mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha mazoezi kama haya wagonjwa wa maumivu sugu hospitalini Massachusetts, Marekani, bila ya kuwatia katika dini yoyote. Mimi hukaa baada ya alfajiri, nimeshasali, nimeshaleta uradi wangu.

Anza na dakika tano. Ukimaliza, usiinuke ghafla.

Na kama wiki zinapita hulali, au unawaza kujidhuru, hapo usihangaike na karafuu. Mwambie mtu wa nyumbani, akupeleke hospitali leo.