Nia Njema Ni Tabibu? Mhadhara Kuhusu Utafiti wa Vijana Balehe

Asanteni kwa kunikaribisha. Muda ni mfupi, kwa hiyo naingia kwenye kisa moja kwa moja.

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana wasiangukie kwenye uhalifu. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili, kila jozi watoto wanaolingana kwa umri, malezi na hali ya nyumbani. Kisha ikarushwa sarafu. Mmoja akaingia kwenye mradi, mwenzake akaachwa aendelee na maisha yake. Aliyeubuni, Dakta Richard Cabot, aliamini kwamba mtoto akipata mtu mzima wa kumshika mkono atanyooka. Na walishikwa mkono kwelikweli: mshauri aliwatembelea kama mara mbili kwa mwezi, kwa wastani wa zaidi ya miaka 5. Wengi walipewa masomo ya ziada, waliohitaji tiba wakapelekwa kwa madaktari, wengine wakaenda kwenye kambi za likizo.

Miaka 30 na zaidi ikapita. Mtafiti Joan McCord akawatafuta wale wavulana, sasa watu wazima. Theluthi mbili ya waliosaidiwa walimwambia kwamba mradi uliwafaa. Angeishia hapo, angeandika ripoti ya kumfurahisha kila mfadhili. Lakini aliendelea kupekua kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo, akawalinganisha na wale walioachwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yaliwashtua wengi. Hakuna kipimo hata kimoja ambacho waliosaidiwa walionekana kufaidika. Kwenye vipimo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi: dalili za ulevi, maradhi mazito ya akili, kurudia uhalifu, hata kufa mapema.

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Nawaheshimu sana, lakini tabibu naye hupimwa kwa wagonjwa wake.

Kilienda mrama nini? Mwaka 1999 McCord na wenzake, Thomas Dishion na François Poulin, walirudi kwenye takwimu zile zile. Madhara yalijikusanya zaidi kwa wavulana waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja. Maelezo yao ni haya: ukiwakusanya vijana wenye matatizo ya tabia mahali pamoja, wanafundishana. Mmoja anasimulia utundu wake, wenzake wanacheka, na kicheko kile kina nguvu kuliko nasaha zote za mshauri.

Mnaweza kusema hiyo ni dhana tu. Basi tuingie maabara. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Taa inageuka njano. Ukiendelea unaongeza pointi, ukichelewa kusimama unagonga ukuta. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili wa rika lao. Kwa watu wa miaka 24 na kuendelea, kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha mengi. Wale wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi sana wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Ndiyo maana sipendi kusikia kijana akiitwa mjinga. Akicheza peke yake hatari anaiona. Mizani hubadilika rika likiwa pembeni.

Sasa nije kwenye mtego unaonisumbua zaidi, kwa sababu sisi wenye miradi tunaupenda. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Mwaka 1993 mtafiti Terrie Moffitt, aliyewachunguza watoto hao, alieleza kwamba vijana wakorofi wako wa namna mbili. Wapo wachache ambao ukorofi wao unaanza utotoni na kuendelea ukubwani. Na wapo wengi wanaoanza walipobalehe, kisha wanaacha wanapokua, kwa kuwa wamepata kazi, wenza na majukumu.

Fikirini maana yake. Chukua vijana wakorofi wa miaka 16, wape semina yoyote unayoitaka, rudi baada ya miaka kadhaa. Wengi watakuwa wametulia! Utapiga picha, utaandika ripoti, kumbe umepokea sifa za umri. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua kazi ilifanywa na semina au na wakati.

Na shida yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Ukubwa huo ndio unaotutia haraka. Uingereza walijaribu kufundisha mazoezi ya kuituliza akili kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, katika utafiti uitwao MYRIAD. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba hayakuzidi mafunzo ya kawaida ya shule. Nawasifu kwa kuyachapisha, maana majibu ya namna hii huwa yanaishia kabatini.

Kuna anayeuliza kila ninapozungumza haya: je, ni haki kumnyima kijana msaada ili tu tupate wa kumlinganisha? Swali zuri. Nchini Kenya walilijibu kwa vitendo. Mradi wa Shamiri, katika jaribio la wanafunzi 413 lililochapishwa mwaka 2021, uliwatumia vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikao vinne, saa moja kila wiki, kuhusu imani kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, shukrani na maadili ya mtu binafsi. Dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kuliko kwenye kundi la pili. Na hilo kundi la pili halikutoka mikono mitupu: nalo lilikutana kwa vikao vinne, likafundishwa mbinu za kusoma.