Don Williams Aliporudi Studio

Hamjambo, ndugu zangu. Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu gitaa, na gitaa tutalifikia, lakini nipeni ruhusa nianze na mjomba wangu.

Mjomba aliendesha lori kati ya Mombasa na Malaba miaka mingi. Ndani ya lori kulikuwa na kaseti tatu, mbili zikiwa za Don Williams, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani. Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha kusoma vibao vya barabarani tu. Siku moja, nikiwa mtoto wa shule na mjuaji kama watoto wa shule walivyo, nikamwuliza anaelewa nini anaposikiliza. Akanijibu, "Huyu mzungu hana haraka. Anakungoja." Nimesoma maandishi mengi ya wachambuzi wa Marekani kuhusu Don Williams, na bado sijaona aliyemweleza vizuri kuliko hapo.

Leo nataka tuangalie jambo moja: mzee huyu aliporudi kurekodi, baada ya kuaga jukwaa kabisa, alifanya nini? Na hasa, alikataa kufanya nini?

Kwa walio wadogo, nipitie historia yake haraka. Alizaliwa Floydada, Texas, mwaka 1939. Miaka ya 1960 aliimba na kikundi cha watu watatu, Pozo-Seco Singers. Kilipovunjika akaenda Nashville, na hakwenda kutafuta umaarufu. Alikwenda kuandika nyimbo ili wengine waziimbe, katika kampuni ya Jack Clement. Nyimbo hazikupata wa kuziimba, basi akaziimba mwenyewe. Kati ya 1974 na 1986 alifikisha nyimbo 17 kwenye nafasi ya kwanza ya chati ya kantri ya Marekani. Mwaka 1978 akatuzwa kuwa mwimbaji bora wa kiume wa kantri. Mwaka 1997 alipiga muziki Harare, Zimbabwe, na video ya ziara ile ilizunguka kote barani. Mwaka 2006 akafanya ziara ya kuaga, akarudi nyumbani. Mambo yakaisha, au ndivyo tulivyodhani.

Mwaka 2010 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na mwaka huohuo akaanza kupanda jukwaani tena. Juni 2012, akiwa na miaka 73, ikatoka albamu mpya, ya kwanza tangu 2004. Iliitwa And So It Goes.

Hapo sasa ndipo pa kukaa.

Fikirini redio za kantri za Marekani zilikuwaje mwaka ule. Magitaa ya roki, ngoma za kompyuta, vijana wanaimba habari za pikapu na bia, sauti zote zimebanwa hadi hakuna nafasi ya kupumua. Mzee wa miaka 73 akiingia sokoni wakati kama huo, kila mtu ana ushauri. Mvalishe koti la ngozi. Mletee prodyuza wa mjini. Na ushauri huo si wa kipumbavu kila mara. Johnny Cash, mkongwe mwingine wa kantri, alikuwa ameachwa na kampuni yake ya kurekodi, Columbia, mwaka 1986, akazurura, na mwaka 1994 akafufuliwa na Rick Rubin, prodyuza wa rapu na metali. Rubin alimkalisha sebuleni na gitaa lake, akaondoa vyombo vingine vyote. Ilikuwa kazi kubwa sana. Lakini Cash alihitaji kuvuliwa kwa sababu miaka mingi watu walikuwa wamemvisha nguo zisizo zake. Don Williams hakuwa na cha kuvuliwa. Alimrudia Garth Fundis, prodyuza waliyefanya kazi pamoja tangu miaka ya 1970, na wakaendelea palepale walipoachia.

Ngojeni niwachezee kidogo. Msisikilize maneno. Sikilizeni besi.

(Anacheza rekodi.)

Mmesikia? Besi inagusa noti mbili, inanyamaza. Ngoma zinapigwa kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Gitaa linatembea kwa vidole, na kodi ni tatu, nne zikizidi. Kodi za gitaa, jamani, zile nyingine tunazidai serikali ipunguze! Halafu tazameni mwisho wa kila mstari. Anamaliza neno, anaacha nafasi. Hakuna chombo kinachorukia ile nafasi kuijaza. Sisi hapa mtu akinyamaza sekunde mbili, mpiga kinanda anaona ameitwa.

Kwenye albamu ile kuna wageni: Alison Krauss, Vince Gill, Keith Urban. Urban ni mtu wa viwanja vya mpira, watu maelfu na taa za kupofusha macho. Humo ndani inabidi umtafute. Nadhani Fundis alijua kwamba sauti ya mzee ikiwekewa ushindani, mzee ataanza kusukuma, na akisukuma tu tumempoteza.

Kuhusu sauti yenyewe nisiwadanganye. Imezeeka. Pumzi ni fupi kuliko ya mwaka 1978, na kwenye noti za chini kuna vumbi kidogo. Lakini huyu mtu tangu ujana aliimba karibu na sauti yake ya kuongea. Hakupanda juu sana, hakupiga ukelele. Kwa hiyo uzee ulipokuja kuchukua chake, haukukuta mengi ya kuchukua. Nyinyi vijana mnaoimba Jumamosi nzima mishipa ya shingo imewatoka kama kamba za ng'ombe, nawapenda sana, lakini hesabuni miaka.

Kingine ni nyimbo. Nyimbo nyingi kubwa za Don Williams hakuziandika yeye. Ziliandikwa na watu kama Bob McDill na Wayland Holyfield, ambao wengi wenu hamjawahi kuwasikia. Mwaka 1973 alirekodi wimbo wa McDill uitwao Amanda, unaomhusu mwanamuziki anayejiona anazeeka kwa sababu anakaribia miaka 30! Miaka 6 baadaye toleo la Waylon Jennings, mwimbaji mwenzake wa kantri, likapanda hadi nafasi ya kwanza. Don hakugombana na mtu. Hapa kwetu kijana akiimba wimbo wa mwingine anaona kama ameazima suruali. Yeye kazi yake aliiona ni kuchagua, na kuchagua vizuri ni kukataa. Kaseti mia zinaletwa, tisini zinarudishwa kwa wenyewe. Kwa mtu anayerudi uzeeni, hicho ndicho kipaji kisichochakaa: sikio.

Je, albamu yote ni nzuri? Hapana. Zimo nyimbo mbili ambazo mimi huziruka, zimetulia hadi zimelala. Naiona ile iliyofuata mwaka 2014, Reflections, kuwa nzito zaidi. Humo anaimba wimbo wa Merle Haggard, mkongwe mwingine wa kantri, wa mfungwa anayepelekwa kunyongwa, anayeomba rafiki yake mwenye gitaa amwimbie. Haggard alikuwa amefungwa kweli, San Quentin, na ukimsikia yeye akiuimba unaona kuta za jela. Ukimsikia Don, unamwona tu mtu anayetaka kusikia wimbo wa nyumbani mara ya mwisho. Sijui kama kuna umri mwingine wowote ambao angeweza kuuimba hivyo.

Mtu ataniuliza, haya yatuhusu nini sisi? Swali zuri, ila limechelewa sana. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alikwenda na mashine yake ya kurekodi mpaka nchi ya Kipsigis, akakuta wasichana wanaimba kumhusu kiumbe nusu mtu nusu swala, jina lake Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, baba wa kantri, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko kabla ya Tracey. Tangu hapo muziki huu haujaondoka. Umo kwenye mugithi, ule muziki wa gitaa wa Wakikuyu, na Elvis Otieno, yule tumwitaye Sir Elvis, anajaza kumbi za Nairobi kwa nyimbo za akina Don Williams na watu wanaimba naye mstari kwa mstari. Kwa hiyo mzee wa Texas aliporudi studio, alikuwa na wasikilizaji Nakuru na Eldoret waliokuwa hawajui hata kwamba alikuwa ameondoka.

Machi 2016 alitangaza kwamba wakati umefika wa kutundika kofia. Tarehe 8 Septemba 2017 akafariki, akiwa na miaka 78.

Nimalizie na mjomba, kisha tushike magitaa. Mwaka ule wa 2012 nilikwenda kumwona. Lori alikuwa ameshaliacha, magoti yamekataa, anakaa kibarazani na redio ndogo. Nikatoa simu nikamchezea ile albamu, bila kumwambia ni nini. Akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, macho ameyafumba. Wa pili pia. Halafu akasema, "Hii ninayo."

Nikamwambia, "Hapana, mjomba, hii ni mpya. Imetoka juzi."

Akanitazama vile wazee wanavyowatazama watoto waliosoma. "Ninayo," akasema. "Iko ndani ya lori."