Ruta Haijui Njia Nzima

Ndugu wanafunzi, karibuni. Naomba tuanze na neno ruta, kwa sababu ukilielewa hilo barabara, mengine yatafuata kwa urahisi.

Wengi hudhani ruta, yaani kifaa kinachoelekeza data toka mtandao mmoja hadi mwingine, inaijua njia ya pakiti (kipande kidogo cha data) toka mwanzo hadi mwisho. Sivyo. Pakiti ikifika, ruta inasoma anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni) ya inakokwenda, inatazama jedwali lake la njia, kisha inaikabidhi kwa jirani mmoja. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Kila ruta inayopitiwa tunaihesabu kuwa hatua moja. (Swichi ni kitu kingine: inapitisha data ndani ya mtandao mmoja. Ruta inaunganisha mtandao na mtandao.)

Sasa jedwali hilo linajazwaje? Waweza kuandika njia kwa mkono, na kwa mtandao mdogo hilo latosha. Mtandao ukikua, ruta zenyewe hupashana habari, na kanuni za mazungumzo hayo ndizo tunaziita itifaki za uelekezaji.

Tuanze na itifaki iitwayo RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988. Kila sekunde 30 ruta inawatangazia majirani mitandao inayoijua na idadi ya hatua za kuifikia. Ni rahisi mno, na nawasihi muuelewe vizuri udhaifu wake. Chukua ruta A na B. Mtandao fulani umeungana na B, kwa hiyo B inaandika hatua 1, na A inaandika 2. Waya wa mtandao ule unakatika. Kabla B haijasema lolote, tangazo la A linaingia: "Mtandao ule naufikia kwa hatua 2." B haina namna ya kujua kwamba njia hiyo inapita kwake yenyewe! Inaamini, inaandika 3. A inasikia 3, inaandika 4. Zinapandishiana hivyo kwa dakika kadhaa hadi 16, namba ambayo katika RIP maana yake ni "haufikiki". Muda wote huo pakiti zinarushwa huku na huku, mpaka kihesabio ndani ya kila pakiti, TTL, ambacho kila ruta hukipunguza kwa 1, kifike sifuri na pakiti itupwe.

Kwa hiyo itifaki nyingine, OSPF, ilikuja na mtindo tofauti. Ruta haisimulii habari za kusikia. Inaeleza viungo vyake yenyewe tu, na maelezo hayo yanasambazwa kwa ruta zote za eneo. Kila moja inajenga ramani ileile na kukokotoa njia fupi kwa mbinu ambayo Edsger Dijkstra aliichapisha mwaka 1959.

Lakini ramani moja ya intaneti nzima haiwezekani. Intaneti imegawanyika katika mifumo huru, yaani mikusanyiko ya mitandao, kila mmoja na namba yake na msimamizi wake, na itifaki ya BGP ndiyo inayoizungumzisha. Tangazo la BGP hubeba orodha ya mifumo lililopitia. Mfumo ukiiona namba yake humo, unalikataa. Yale mazunguko ya A na B yanazimwa hapo.

Uongo, hata hivyo, hauzimwi. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilitaka kuizuia YouTube ndani ya nchi yake, ikatangaza fungu la anwani 256 lililo ndani ya fungu la YouTube la anwani 1,024. Tangazo likavuja nje. Ruta hupendelea fungu dogo zaidi linaloihusu anwani, hivyo pakiti nyingi za dunia zilizokuwa zikienda YouTube zikaelekea Pakistan kwa takriban saa mbili. YouTube ilijitetea kwa kanuni ileile: ikatangaza mafungu madogo zaidi.

Leo tuna RPKI, saini inayothibitisha ni mfumo upi una haki ya kutangaza fungu fulani. Nafurahi kwamba ipo. Ila inakagua chanzo cha tangazo tu. Mifumo inayotajwa katikati ya njia, ruta bado inaipokea kwa neno la jirani.