Suala la Maore: Kisiwa cha Nne cha Komoro

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na wanafunzi mliofika kusikiliza,

Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kinahesabiwa na Umoja wa Mataifa na Umoja wa Afrika kuwa sehemu ya Komoro, ilhali kwa sheria ya Ufaransa ni mkoa wake kamili tangu Machi 2011. Wenyeji wake wengi ni Waislamu, na lugha yao ya Shimaore ina undugu wa karibu na Kiswahili chetu, kwa hiyo mgogoro huu hautuhusu kwa mbali.

Mwaka 1841 Andriantsoly, mtawala wa Kisakalava aliyetoka Madagaska akashika utawala wa Maore, aliwakabidhi Wafaransa kisiwa hicho kwa mkataba alioutia saini na Passot, afisa wa Kifaransa, naye akaahidiwa piasta 1,000 kila mwaka. Visiwa vingine vitatu vya Komoro, yaani Ngazija, Nzuwani na Mwali, viliwekwa chini ya ulinzi wa Ufaransa baadaye sana, mwaka 1886. Wanaotetea Maore ya Kifaransa huutegemea sana utangulizi huo wa miaka 45, wakidai kwamba kisiwa hicho kina historia yake peke yake. Hoja hiyo hainiridhishi, kwa sababu Ufaransa yenyewe iliviweka visiwa vyote vinne katika himaya moja ikavitawala pamoja hadi miaka ya 1970, na mipaka ya himaya hiyo ndiyo iliyopaswa kurithiwa, kama viongozi wa Afrika walivyokubaliana mjini Cairo mwaka 1964.

Hata hivyo, hatutaielewa Maore tukisema tu kwamba Paris iliwadanganya watu wake. Mwaka 1958 baraza la visiwa liliamua makao makuu yahamishwe kutoka Dzaoudzi, huko Maore, kwenda Moroni, kisiwani Ngazija. Kazi za serikali zikaondoka, na wenyeji wakaona kisiwa chao kimesahauliwa. Waliosimama mbele kupinga walikuwa wanawake, wakiongozwa na akina Zéna M'Déré, na silaha yao ilikuwa ya ajabu: kiongozi aliyetumwa kutoka Moroni aliposhuka, walimzunguka wakamtekenya mbavuni hadi akashindwa kuvumilia, akarudi alikotoka. Hakupigwa wala hakujeruhiwa, lakini heshima ya cheo chake iliishia pale pale mbele ya watu. Baadaye mapambano yalipata makali, na mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alipoteza maisha. Katika mikutano yetu ya kulaani ukoloni sijasikia wanawake hawa wakitajwa inavyostahili, na naliona hilo ni pengo kubwa.

Kura ya maoni ilipigwa tarehe 22 Desemba 1974. Kwa visiwa vyote pamoja, takriban asilimia 95 walitaka uhuru. Maore peke yake, karibu asilimia 64 waliukataa. Mgogoro mzima umo katika hesabu hiyo, yaani kama kura zihesabiwe kwa koloni zima au kisiwa kwa kisiwa. Bunge la Ufaransa lilichagua njia ya pili, na kwa sheria ya tarehe 3 Julai 1975 likataka katiba mpya ikubaliwe na kila kisiwa peke yake. Siku tatu baadaye Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, alitangaza uhuru bila kuisubiri Paris, na Novemba mwaka huo Komoro ikapokewa Umoja wa Mataifa ikiwa nchi ya visiwa vinne.

Februari 1976, Ufaransa ilipokuwa inaandaa kura nyingine huko Maore, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka azimio la kuipinga katika Baraza la Usalama. Wajumbe 11 waliliunga mkono, Ufaransa ikaliangusha kwa kura ya turufu, na siku mbili baadaye zaidi ya asilimia 99 ya waliopiga kura Maore walichagua kubaki na Ufaransa. Baraza Kuu lililaani kura hizo Oktoba mwaka huo huo.

Msimamo wangu ni kwamba kisheria Komoro ina haki, kwa kuwa mtawala wa koloni hana ruhusa ya kulimega siku anapoondoka. Lakini haki hiyo inadaiwa juu ya watu waliokwisha kusema mara kadhaa kwamba hawaitaki Moroni, na mapinduzi ya mara kwa mara yaliyoiandama Komoro baada ya 1975 hayakuwapa sababu ya kubadili mawazo.

Wakati madola yakibishana, mwaka 1995 serikali ya Balladur, waziri mkuu wa Ufaransa wakati huo, iliwawekea Wakomoro sharti la viza ya kuingia Maore. Kutoka Nzuwani ni kilomita 70 hivi za bahari, safari ambayo mjomba, shangazi na wajukuu waliifanya kwa arusi na matanga, na tangu hapo hufanywa usiku katika boti ndogo za kwassa-kwassa. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilitaja makadirio ya watu 7,000 hadi 10,000 waliokufa katika mkondo huo. Mamlaka juu ya Maore yanaweza kuendelea kujadiliwa New York kwa miaka mingine. Viza hiyo inaweza kuondolewa kwa uamuzi wa Paris peke yake, na hilo ndilo ninaloomba serikali zetu za Afrika Mashariki zianze kulidai.