Mlima Una Siku Ngapi?

Habari za asubuhi nyote. Nianze na swali ambalo wafugaji wengi hulijibu kwa mazoea: kundi la kondoo lipande mlimani lini, na lishuke lini? Mazoea hayo si ya kipuuzi. Yametokana na vizazi vilivyoutazama mlima mmoja mwaka hadi mwaka. Shida ni kwamba yalipimwa katika hali ya hewa ambayo imeshaondoka.

Kwa kawaida joto hupungua karibu nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake, joto likiongezeka nyuzi moja tu, ni kana kwamba mlima mzima umeshushwa mita 150 hivi. Nyasi, vichaka, konokono na usubi hupanda kufuata ubaridi waliouzoea, na mlima kadiri unavyokwenda juu ndivyo eneo lake linavyokuwa dogo. Hewa yenye joto pia hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi, ndiyo maana mvua huja kwa kishindo na ukame unaofuata hukausha haraka. Penye theluji, huyeyuka mapema, na chemchemi zinazoitegemea hunywea kabla msimu haujaisha.

Jambo ambalo hupita bila kuonekana ni hili: nyasi zikiwahi kuota, huwahi kukomaa. Ukipandisha kundi kwa tarehe ya zamani unakuta nyasi ndefu, nzuri kwa macho, lakini shina limeshakuwa gumu na protini imeshuka. Kondoo anashiba na hanenepi. Basi mfugaji anaamua kuwahi wiki tatu, na hapo anaingia kosa jingine, kwa sababu udongo bado umelowa. Kwato ndogo yenye ncha hukata zulia la nyasi, na kwenye mteremko kila tundu la kwato ni mwanzo wa mfereji. Kwa hiyo ingia kwa vipimo viwili, tarehe iache. Nyasi nyingi ziwe zimefika sentimita 10 hivi, na ukikanyaga kwa kisigino kwa nguvu, kisizame zaidi ya sentimita 2. Kimoja kikikosekana, baki chini, hata ikibidi kulisha nyasi kavu za ghalani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo milima mingi inapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Tengeneza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Katisha malisho upande hadi upande, na kila baada ya hatua 50 iangushe bila kuangalia. Fanya hivyo mara 25. Kata nyasi zote ndani ya fremu karibu na ardhi, zikaushe hadi uzito wake ukome kupungua, kisha pima. Wastani wa gramu kwa fremu moja zidisha kwa 40, unapata kilo za nyasi kavu kwa hekta. Watu hujidanganya mahali pamoja: fremu ikiangukia mwamba au udongo mtupu, wanaiangusha tena. Usifanye hivyo. Andika sifuri, uendelee.

Tuseme wastani umekuwa gramu 45, yaani kilo 1,800 kwa hekta. Malisho ni hekta 60, lakini 15 ni majabali na miteremko ambayo kundi halipaswi kuigusa. Zimebaki 45, sawa na kilo 81,000. Je, zote ni za kondoo? Hata kidogo. Mlimani chukua asilimia 40, na penye udongo mwembamba 30. Nyingine zitakanyagwa, zitaliwa na wadudu na wanyama wa porini, na zilizobaki ndizo zinazofunika udongo na kulisha mizizi. Nyasi ikipoteza nusu ya majani yake, mizizi haisikii sana. Ikipoteza asilimia 80, mizizi huacha kukua kwa siku kadhaa, na mmea wenye mizizi mifupi hauwezi kuyafikia maji ya chini kiangazi kikija.

Asilimia 40 ya kilo 81,000 ni kilo 32,400. Kondoo hula nyasi kavu karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo jike wa kilo 45 anahitaji kilo 1.35. Majike 200 ni kilo 270 kwa siku, na mlima wako una siku 120. Lakini je, wananyonyesha? Jike anayenyonyesha hufika asilimia 4. Sasa ni kilo 360 kwa siku, na siku zimekuwa 90. Mwezi mzima umepotea bila kuongeza hata kondoo mmoja. Mwaka wa mvua haba, nyasi zikitoa kilo 1,100 kwa hekta, unabaki na siku 55. Anayeshuka siku ya 120 kwa sababu ndivyo ilivyokuwa siku zote, siku 65 amekula mtaji wa mlima.

Kwa sababu hiyo uamuzi wa kupunguza kundi lazima uwe umeandikwa kabla ya msimu, wakati akili imetulia. Pima nyasi mara moja kundi linapoingia, na tena theluthi ya msimu inapopita. Kipimo cha pili kikionyesha upungufu, wanatoka kwa mpangilio: madume ya ziada, majike tasa, wazee wenye meno yaliyochakaa, kisha wanakondoo wakubwa waachishwe ziwa ili mama zao warudi kwenye mahitaji madogo. Anayengoja mvua moja zaidi huishia kuuza kondoo waliokonda, wakati kila jirani naye anauza.

Kuhusu kugawa malisho, nitasema kwa ufupi. Vipande vinne vinatosha. Kipande kilicholiwa kipumzike siku 40 hadi 60, na mahali pa juu sana, penye msimu mfupi, kisiliwe tena mwaka huo. Kila mwaka anza na kipande tofauti, na kimoja kiachwe hadi mbegu zidondoke. Kondoo huuma hadi sentimita 2 au 3 kutoka ardhini, na huchagua kilicho laini kwanza, kwa hiyo usingoje kipande kizima kionekane kimeliwa. Tazama zile nyasi wanazozipenda. Zikifika sentimita 6, ondoka.

Ambacho uzio hauwezi kukifanya, chumvi na maji hukifanya. Kondoo akiachiwa hurudi kulala palepale, mara nyingi mahali pa juu penye upepo. Anakula bondeni na kuweka mbolea kileleni. Baada ya miaka michache bonde limefubaa, na pa kulala pamejaa mimea inayowasha na magugu yanayopenda naitrojeni ya mbolea hiyo. Usilaze kundi mahali pamoja zaidi ya usiku mitatu. Mawe ya chumvi yaweke mahali panapokwepwa, angalau mita 400 kutoka kwenye maji, uyahamishe kila wiki. Yawe ya kondoo lakini! Chumvi ya madini ya ng'ombe ina shaba nyingi, nayo hujikusanya kwenye ini la kondoo kimyakimya hadi siku anapokufa ghafla, mkojo ukiwa mwekundu uliokolea.

Chemchemi izungushie uzio kwenye jicho lake, uyatoe maji kwa bomba hadi birika lililo chini yake, uweke mawe mita 2 au 3 kulizunguka, na maji yanayofurika yarudi kijitoni. Jike anayenyonyesha siku ya joto anaweza kunywa lita 8 na zaidi. Pima chemchemi kwa ndoo na saa: ndoo ya lita 10 ikijaa kwa dakika 5, ni lita 2,880 kwa siku, zinatosha majike 200, lakini tu ikiwa birika linaweza kuhifadhi maji ya usiku.

Kuhusu magonjwa, joto limebadilisha ramani. Mwaka 2006 ugonjwa wa ulimi wa bluu, unaoenezwa na usubi, uliibuka kaskazini mwa Ulaya, katika nchi kama Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, mahali ambapo haukuwahi kuonekana. Usidhani urefu wa mlima ni chanjo. Minyoo inayonyonya damu tumboni mwa kondoo huhitaji joto na unyevu ili mayai yawe viluwiluwi vya kuambukiza, na penye hali nzuri huchukua wiki moja tu. Wengi wa viluwiluwi hao hukaa sentimita 5 za chini za jani. Unaona basi: kuacha nyasi ndefu kunamlinda kondoo pamoja na udongo.

Kosa linalorudiwa ni kunywesha dawa kundi zima, kisha kulihamishia malisho safi siku hiyohiyo. Minyoo pekee iliyobaki hai ni ile sugu, na ndiyo unayoipanda kwenye malisho mapya. Afadhali ufunue kope la chini la kila kondoo kila baada ya wiki mbili. Ndani pakiwa pekundu, mwache. Pakiwa peupe au waridi hafifu, minyoo imemmaliza damu: mpe dawa kwa uzito wake halisi. Peleka kinyesi maabara siku ya dawa, na tena siku 10 hadi 14 baadaye. Mayai ya minyoo yasipopungua kwa asilimia 95, dawa hiyo imeanza kushindwa.

Nimeletewa karatasi yenye swali: kwa nini tusiache tu mlima upumzike miaka kumi? Inategemea kilichopo. Penye udongo mtupu na mifereji, ndiyo, funga. Lakini mahali ambapo vichaka vinapanda kwa sababu ya joto, kuondoa kondoo kabisa ni kuviachia uwanja. Kondoo hula miche ya vichaka ikiwa bado laini. Kichaka kikishavuka goti kwa urefu, kondoo hawakiwezi: kikate kwa panga mwishoni mwa msimu, kisha msimu unaofuata lipitishe kundi kwa siku chache mara machipukizi yanapofika kiganja kimoja, kabla hayajapata ugumu wa mti.