Raketi ya Dar ikifika Dodoma

Habari za jioni, ndugu zangu. Wakubwa, shikamooni. Nashukuru kwa kunikaribisha. Historia ya padeli, mchezo wetu huu wa raketi ndani ya kuta za kioo, nairuka, habari za kuanzia kwake Mexico mwaka 1969 mmeshazisikia, na kanuni mnazijua. Nina jambo moja tu linaloniuma. Baadhi yenu mmeshanisikia nikilisema mpaka mmechoka, lakini nitalisema tena kwa sababu kila wiki naliona uwanjani: watu wananunua raketi kwa ajili ya pigo wanalolipenda, wanasahau mpira wanaoupokea.

Kuna kijana wetu mmoja, mtumishi wa serikali, alishuka treni ya SGR kutoka Dar na raketi mpya begani. Kichwa cha umbo la almasi, kaboni tupu, gramu 375, sponji ya ndani ngumu. Aliijaribu Dar akaipenda, akalipa. Tukaingia uwanjani. Nikamwomba mwenzetu akae pembeni na karatasi, aandike kila mpira unaomfikia yule kijana, umemkuta wapi na ameufanya nini. Seti ilipokwisha, smashi, yale mapigo ya nguvu ya juu ya kichwa, zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, tena si zote zilizoingia. Sehemu nyingine yote ya karatasi ilikuwa mipira ya nyuma: unaotoka kwenye kioo, unaombana kwenye kona, unaomkuta miguuni akiwa njiani kwenda wavuni. Na majibu yake yakawa lobu, yaani kuurusha mpira juu upite vichwa vya wapinzani. Lobu, lobu, lobu. Na hizo lobu ndizo zilizomuua. Mpira ukigusa chini ya kiini cha raketi, pale panapopiga vizuri zaidi, unafia wavuni. Akiukuta sawasawa, unapaa, unavuka vichwa vya wapinzani na kwenda kugonga kioo cha nyuma kabla haujadunda. Pointi imekwenda. Akanigeukia akaniambia, "Kocha, Dar ilikuwa inanitii hii."

Alisema kweli. Dar iko usawa wa bahari, Dodoma tuko mita zipatazo 1,120 juu yake. Mgandamizo wa hewa hapa umepungua kwa kama asilimia 12. Hewa ikiwa nyepesi, mpira haupati cha kuuzuia njiani. Na kwa kuwa hewa iliyofungwa ndani ya mpira ni ileile huku ya nje imepungua, mpira unakuwa kama umejazwa zaidi, unadunda kwa hasira. Ongezeni ukavu wetu. Dar jioni mpira unanyonya unyevu, unakuwa mzito. Hapa unabaki mkavu kabisa. Kwa hiyo raketi iliyokuwa ikikusaidia kusukuma mpira kule, hapa inausukuma mpira ambao tayari unakimbia.

Nguvu, ndugu zangu, Dodoma tumepewa bure. Kwa nini ukalipie tena dukani? Kinachokosekana hapa ni utulivu wa mpira, na hicho ndicho cha kutolea pesa.

Najua kuna mtu ananiambia moyoni: kama mpira unapaa, si ndiyo raha ya smashi? Ndiyo. Hapa ni rahisi zaidi kwa smashi moja kuufanya mpira udunde kwao kisha utoke nje ya uwanja, ukashinda pointi, sibishi. Lakini hiyo ni hoja yangu, si yako. Kama mpira unatoka nje hata ukiupiga kwa raketi ya duara, almasi unaitakia nini? Unabeba ugumu wake wote kwa ajili ya kitu ambacho mwinuko umeshakupa.

Mwingine atasema, mbona Coello, yule mchezaji wa kulipwa, ana almasi? Jamani. Arturo Coello ana urefu wa mita 1.90, mazoezi ndiyo kazi yake, na mpira akiukuta mara mia, karibu zote unagusa mahali palepale. Raketi ya almasi ina kiini kidogo, kimekaa juu, na uzito umeelemea kichwani. Anayelenga vile anaweza kuitumia. Wewe unatoka ofisini saa kumi na moja na nusu, unafika umechoka, unakimbilia kona, mpira unakugusa popote unapopenda wenyewe. Na wanaomtaja Agustín Tapia, mchezaji mwingine wa kulipwa, waitazame raketi inayojulikana zaidi kwa jina lake: ni umbo la chozi, lililo kati ya duara na almasi. Mchezaji mwenye mapigo ya ajabu kuliko wengi amecheza na umbo la katikati, na mtu mwenye miezi mitatu tu uwanjani anataka almasi!

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapo watu wanadanganyika sana. Unaangalia kibandiko, unaona gramu 365, unaridhika. Gramu 365 zimekaa wapi? Fanyeni hivi. Ilazeni raketi juu ya kidole kimoja, isogezeni mpaka itulie bila kuanguka, kisha pimeni kwa rula kutoka kitako cha mpini hadi kwenye kidole. Ikitulia kwenye sentimita 25 na kitu, uzito uko karibu na mkono, utaigeuza haraka kwenye voli, mpira unaoupiga kabla haujadunda. Ikifika 27, uzito uko kichwani. Inapiga kama nyundo lakini inachelewa. Raketi mbili za gramu zilezile, moja inafika kwenye mpira na nyingine bado iko njiani. Halafu isimamisheni mbele ya mwili, kama mko wavuni, mkiibadili upande wa mbele na wa nyuma wa mkono bila kupumzika. Mkono ukianza kulalamika mapema, iacheni dukani, hata ikiwa nzuri kama nini.

Kiwiko nakitaja kwa uzito wake. Raketi ngumu, nzito kichwani, ikikutana na mipira inayogusa pembeni mwa kiini, mtikisiko wote unapanda kwenye mkono. Nimewaona watu wazima wameshindwa kushika kikombe cha chai asubuhi, na bado wanarudi jioni na raketi ileile. Ukiona nje ya kiwiko panauma unapokamua nguo au kufungua mlango, badili raketi, nenda hospitali, pumzika. Usiniambie unavumilia.

Kuhusu sponji, kuna kitu kinachowashangaza wengi. Wanaamini sponji ngumu ndiyo yenye nguvu. Ni hivyo kwa anayepiga kwa kasi kubwa. Kwa anayepiga taratibu, sponji laini ndiyo inayourusha mpira, kwa sababu inabonyea na kuusukuma. Sasa hapa kwetu laini sana inaurusha mpaka hujui unaishia wapi, na ngumu sana inataka kasi usiyonayo na inaumiza mkono. Chukueni ya kati. Na kumbukeni joto linalainisha sponji. Raketi ya mchana wa Oktoba si raketi ya usiku wa Julai, ingawa ni ileile. Msiiache ndani ya gari juani. Nimeshika raketi iliyotolewa kwenye buti saa nane mchana, ukiigonga na kiganja inatoa sauti nzito iliyofifia, na haikurudi tena kuwa ilivyokuwa.

Sasa upande wa uwanja unaochezea. Kwa anayetumia mkono wa kulia, akicheza kulia mara nyingi yeye ndiye anayejenga pointi, duara inamtosha kabisa. Anayecheza kushoto ndiye anayemalizia, mpira wa juu wa katikati unamwangukia yeye, huyo chozi. Almasi aje kuniuliza akiwa ameshaweza kulobu mara kumi mfululizo zikadondoka ndani.

Naambiwa dakika zimekwisha, basi haraka haraka. Kaboni ya 3K, 12K, 18K: hiyo ni hesabu ya maelfu ya nyuzi kwenye fungu moja, si alama ya ubora, msiongezewe bei kwa herufi. Faibaglasi si ya maskini, ni laini zaidi, inamfaa anayeanza. Mpini ukiwa mwembamba ongezeni kitambaa cha kuzungushia, bei yake ndogo. Kamba ya mkononi ni lazima kwa kanuni, vaeni. Wanaotumia mkono wa kushoto, tutaongea pembeni.

Na kabla hamjatafuta raketi nyingine, changeni mnunue mipira ya mwinuko. Kanuni zinairuhusu panapozidi mita 500 juu ya bahari. Mpira wa kawaida ukiangushwa kutoka mita 2.54 unadunda kati ya sentimita 135 na 145. Ule wa mwinuko lazima udunde chini ya 135. Wengine wenu mtagundua raketi mliyonayo haikuwa na tatizo kubwa.

Nimekuja na raketi tatu, ziko mezani pale: duara, chozi na almasi. Nimezifunika nembo kwa karatasi makusudi. Shikeni bila kuuliza ni za kampuni gani, mpige lobu tu, smashi hapana, na mwenzenu aandike ngapi zimedondoka ndani. Karatasi na kalamu zipo. Nani anaanza?