Mazrui, na Maji Yaliyokupwa Shela

RUKIA: Assalaam alaykum. Leo tulipanga kuwafundisha namna ya kuandika shajara ya ukoo, yaani mti wa nasaba, mambo matatu, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi. Lakini shemeji kaingia hapa kanuna, basi naye apewe nafasi kwanza.

SAIDI: Sikununa. Nimechoka.

RUKIA: Waambie ya Shela.

SAIDI: Alhamisi nilikwenda Shela, kijiji cha hapa hapa Lamu, kwenye posa, nimefuatana na wazee wa upande wa mke wangu. Tumeketi barazani, kahawa inazunguka, halua imeletwa, mambo shwari. Mzee mmoja akaniuliza, "Nawe u nani?" Nikamtajia jina langu na ukoo, Mazrui, wa Takaungu. Akaweka kikombe chini. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akasema, "Ndinyi mulokuya Shela mukapijwa?"

RUKIA: (anacheka) Allah amweke mzee huyo!

SAIDI: Baraza nzima ikaangua kicheko. Vita vyenyewe ni vya 1812 hivi! Mimi nimekwenda kula halua.

RUKIA: Kwa wasikilizaji wetu wa bara: Pate, kisiwa cha jirani, na Mazrui wa Mombasa walishikana waje kuupiga mji wa Lamu. Wakateremka Shela. Watu wa Amu, yaani Lamu, wakawarudisha nyuma mpaka ufuoni, na walipofika ufuoni...

SAIDI: Haya, sema.

RUKIA: Maji yamekupwa! Majahazi yamekaa mchangani. Mtu anatoka Mombasa kuja vitani hajatazama bamvua wala maji mafu, maji makubwa wala madogo?

SAIDI: Waliyajua maji. Vita vilirefuka kuliko walivyotaraji.

RUKIA: Mtoto wa chuoni Shela atakwambia maji yanatoka saa ngapi. Mifupa ya watu ilikuwa ikionekana kwenye vilima vya mchanga miaka na miaka.

SAIDI: Na nyinyi wa Amu baada ya kushinda mlifanya nini? Mkaingiwa na hofu Mazrui watarudi, mkamwita Sayyid Said, mtawala wa Omani, aje awalinde. Ile Ngome iliyo hapo sokoni, iliyokwisha kama 1821, ni hofu yenu imejengwa kwa mawe.

RUKIA: Ni nzuri lakini.

SAIDI: Tuendelee na karatasi yako.

RUKIA: La kwanza. Anza na walio hai. Muulize nyanya yako majina kabla hujakimbilia vitabu, na uandike vilevile anavyoyatamka... Shemeji, nahodha wao alikuwa nani?

SAIDI: Rukia!

RUKIA: Nauliza kwa ajili ya shajara.

SAIDI: Basi wacha niwataje wengine wenye jina hili, watu wasidhani kazi yetu ni kukwama mchangani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kazaliwa 1891. Alitoa gazeti la Sahifa 1930, kisha Al-Islah 1932, akiwaambia Waislamu wa pwani wasome na waache kulala. Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka alipofariki 1947. Baadaye Muhammad Kassim Mazrui, Kadhi Mkuu. Hammad Kassim Mazrui, Kadhi Mkuu.

RUKIA: Hao wangalitazama maji kwanza.

SAIDI: Na mwanawe Sheikh Al-Amin, Profesa Ali Mazrui, kazaliwa 1933. Mtihani wa sekondari alipata daraja la tatu, msikie vijana, kisha akafika Oxford. Kafundisha Makerere mpaka enzi za Amin zikamtoa. 1986 akaonyesha kwenye televisheni sehemu tisa juu ya Afrika, na wakubwa fulani wa Marekani wakakasirika kwamba fedha zao zimesaidia. Kafariki huko huko Marekani Oktoba 2014, akaletwa Mombasa, akazikwa makaburi ya Mazrui, ubavuni mwa Fort Jesus.

RUKIA: Ngome mliyotolewa 1837.

SAIDI: Na huyo huyo Sayyid Said mliyemwita nyinyi! Wakubwa wetu akawakamata, waliosalia wakahamia Gazi na Takaungu. Huko akatoka Mbaruk bin Rashid, aliyewapiga Waingereza 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwa Wajerumani.

RUKIA: Hapo sasa hatupatani. Mbaruk alipigania nini?

SAIDI: Nchi.

RUKIA: Kiti. Vita vilianza kwa kugombea nani arithi Takaungu. Na mashamba ya Takaungu yalilimwa na nani? Na watumwa. Mtu aliyelimishwa kwa nguvu hangalimwona Mbaruk kuwa shujaa wa uhuru.

SAIDI: Na Mwingereza ndiye alikuja kumkomboa? Utumwa Kenya uliondolewa kwenye sheria 1907. Zaidi ya miaka kumi Mbaruk keshaondoka, na Mwingereza ametulia nao.

RUKIA: Ubaya wa Mwingereza haumtakasi Mbaruk.

SAIDI: Sikusema unamtakasa. Nasema usinilipishe mimi. Kila mtu na daftari lake.

RUKIA: Hutaki kulipishwa, basi usilipwe pia. Kwenye maulidi huwekwi mbele kwa jina hilo? Profesa ni wako, Kadhi ni wako, mashamba ni ya nani?

SAIDI: Elimu ya Sheikh Al-Amin ilimfaa kila mtu pwani hii. Kujivunia mwalimu si sawa na kurithi kosa.

RUKIA: Vyote vimekuja kwa jina moja, shemeji. Na wako watu pwani hii waliobeba jina la bwana wa babu yao. Hao kwenye shajara utawaandika wapi?

SAIDI: Ndani.

RUKIA: Shangazi zako watakubali?

SAIDI: ...Hilo la nyumbani kwetu.

RUKIA: Ndilo ninalosema mimi.

SAIDI: Na mimi nakwambia hulijui.

RUKIA: Sawa.

SAIDI: Sawa.

RUKIA: Kahawa ipo?

SAIDI: Imepoa. Tena tuna dakika chache, magharibi inaingia.

RUKIA: Na karatasi yangu? La pili lilikuwa hati za ndoa na za mashamba, la tatu... basi, hayatatosha. Muulizeni nyanya, hilo limeshasemwa.

SAIDI: Hukuniacha nimtaje Suhail Al Mazrouei, Waziri wa Nishati wa Falme za Kiarabu tangu 2013.

RUKIA: Naye ndugu yako?

SAIDI: Asili ni hiyo hiyo ya Omani na jirani zake.

RUKIA: Mpigie basi, mafuta ya boti hapa Amu yameshatushinda.

SAIDI: Yuko na Noussair Mazraoui wa Manchester United.

RUKIA: Huyo ni Mmoroko kazaliwa Uholanzi! Jina linafanana tu.

SAIDI: Akifunga bao ni wetu.

RUKIA: Ni beki, shemeji. Zima, wanaadhini.